Kiingilio cha Kucheza na Mwanangu

Mwanangu si mtu wa simu. Tokea alipokwenda kufanya kazi Maskati, nikimpigia maneno yetu ni hayo kwa hayo: "Mzima mama?" Mzima. "Haya mama." Lakini mpe padi ya geimu, mikono ishughulike na macho yawe kwenye mpira, utakoma mwenyewe kwa maneno yake. Babake alilijua hilo. Kila Ijumaa wakishatoka msikitini, huyu hapa Malindi ya Unguja, yule kule Maskati, wakicheza mpira wa kwenye tivii kwa mtandao, hedifoni masikioni, wakitaniana mpaka chai yangu inapoa. Mie nikipita na sinia nikisema, loo, mtu mzima na mvi zako, huoni haya?

Mume wangu alikufa asubuhi, akazikwa alasiri. Kwetu maiti haiwekwi, na mtoto hakuwahi ndege. Alipiga simu akasema, "Pole mama," kisha nikawa nasikia pumzi zake tu, mpaka akakata.

Nikakaa eda. Mjane hatoki, kwa hivyo mambo yangu yote ya nje, ya sokoni na ya benki, yalishikwa na shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Ijumaa moja nilikuwa peke yangu chumbani na ile mashine ya geimu, nikaiwasha. Wallahi sijui ujasiri niliupata wapi. Mwanangu akaona jina la babake limeingia. Nikamsikia kwenye hedifoni: "Nani?"

"Mie. Nifundishe."

Nilikuwa ovyo! Nikijifunga magoli mwenyewe, mchezaji wangu akikimbilia nje ya uwanja. Naye akicheka, na akicheka husema. Akanieleza anavyopika wali ukaungua, bosi wake asiyejua salamu, na vipi babake alivyokuwa akimwachia goli makusudi halafu akijidai kipa kateleza. Nikilia huku nabonyeza. Ijumaa ikawa ndiyo siku yangu ya kuwa na mtu.

Siku moja tukimaliza akasema, "Mama, kuna neno baba aliniambia mara ya mwisho tulipocheza. Sijamwambia mtu. Ijumaa ijayo ntakwambia, saa hizi nachelewa zamu."

Ijumaa hiyo mashine ikanigomea. Lipia kwanza, ndiyo uingie uwanjani. Kumbe kila mwezi wenye geimu walikuwa wakikata ada kwenye kadi ya benki ya mume wangu, na kadi ishafungwa kwa ajili ya mirathi. Nilipandwa na hasira! Mashine tumenunua sisi, mchezo tumenunua sisi, bando letu, umeme wetu, halafu kuna mtu huko ng'ambo kasimama mlangoni anataka kiingilio nizungumze na mtoto niliyemzaa mwenyewe?

Nikamwita shemeji. Akasema, "Na wao wana gharama zao, shemeji. Mitambo hiyo haijiendeshi." Haya, nikamwambia, basi nilipie. Akainamisha uso. "Mjane wa eda na mpira wa kwenye tivii, wapi na wapi? Watu watasema nini?"

Nikampigia mtoto. "Basi mama, tutacheza ukitoka eda." Na lile neno la babako? "Si la simu, mama."

Nikasubiri. Wenzangu wakitoka eda huanza kuzunguka kwa jamaa. Mie nilivaa baibui nikaenda moja kwa moja Darajani, duka la simu, nikamwambia muuzaji nilipie huu mpira. Akanitazama, akalipia. Nikarudi nyumbani mbio mbio, mguu wenyewe una ganzi kwa kukaa ndani, nikaiwasha, uwanja ukafunguka. Jina la mwanangu lilikuwepo, lakini taa yake ya kuonyesha yumo imezimwa. Nilikaa na hedifoni masikioni mpaka adhana ya magharibi.

Nikampigia.

"Mashine nimeiuza, mama. Kuitazama peke yangu kulikuwa kunaniumiza."

Nikamwambia si kitu, baba, si kitu. Nambie basi lile neno, hata kwa simu. Nikawa nasikia pumzi zake tu, kama siku ya maziko.

"Nshasahau, mama."

Hakusahau. Nimemzaa mie, nnamjua.

"Mzima lakini?" akaniuliza.

Nikamwambia mzima.

"Haya mama."