Lungo Aliloondoka Nalo Mwalimu

Baiskeli ya babu haikuwa na freni. Akitaka kusimama, alitia kisigino kwenye tairi, na sandali yake moja ilikuwa imelika yote. Siku moja mteremko wa kwetu, kule Wamaza, ukamshinda: babu mtoni, baiskeli juu yake, mfuko wa mchele umepasukia mchangani! Alitoka majini akiuliza kwanza kama baiskeli imeumia. Nacheka mpaka leo. Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, ule mchele. Siku tatu nyanya alinikalisha niupepete, nitenge mchanga. Hapo mikono yangu ikapata akili. Hakuna mtoto aliyenishinda kwa lungo, ule ungo wa kupepetea.

Masomo nilikuwa nimeyakimbia. Niliandika S kinyume ubaoni, kalasi lote likanicheka. Nikaapa sirudi.

Basi akaja mwalimu mgeni kutoka Kasongo. Wazazi walimletea mpunga, lakini kuutwanga na kuupepeta hakujua. Akakonda. Jioni moja akaingia uani kwetu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Mama, munifundishe. Ninakula makapi kama kuku."

Nyanya akanionyesha kidole. "Fundi iko huyu."

Mimi! Miaka tisa! Aliporusha mara ya kwanza, mchele wote chini. Kuku wakaja mbio. Wanawake wa jirani wakashika mbavu: "Asante, mwalimu, kuku zetu zilikuwa na njaa!"

Nilingoja akasirike, aondoke kama mimi. Lo! Akacheka nao, akaokota punje moja moja, akanitazama. "Tena, mwalimu wangu. Nimekosea wapi?"

"Kiwiko. Unakibana kama mutu anaficha samaki kwapani."

Akakilegeza!

Watu wanadhani usikivu ni kuinamisha kichwa tu. Mimi niliuona kwa macho: mutu mzima amechekwa na kijiji, naye bado anauliza amekosea wapi.

Kesho yake niko kalasini, S kinyume tena. Wakacheka. Moyo ulidunda kama mchi kinuni, lakini nikauliza: "Nimekosea wapi?"

Mwalimu akanishika mkono. "Legeza kiwiko."

Ndiyo maana S zangu leo zinatazama upande wao. Nyanya hayupo, mpunga unakwenda mashineni, sauti ya lungo siisikii tena. Na mwalimu? Asubuhi moja ya manyunyu akaazima lungo langu, akalivaa kama kofia, akashika njia ya Kasongo. Hakugeuka. Mpaka leo hajarudi, wala lungo.