Mvua ya Choroko

Ndugu zangu wa kisomo, leo nimeleta mvua jua likiwaka!

Ule mchezo wa jini aliyeiba mawingu, mwalimu alipoturekodi kwenye redio kaseti, kila mtu alipewa maneno ya kusoma. Mimi herufi zilikuwa bado zinanisumbua. Mwenyekiti wa kijiji akacheka: "Mama Asha abaki na ungo wake."

Haya, nikabaki nao. Nikatia choroko, nikazungusha karibu na ile redio.

Leo mchana mwalimu kaja na kaseti, tukasikiliza darasani.
Jini akanguruma (kumbe Mzee Mhina ana sauti ile!).
Watoto wakashikana mikono.
Mawingu yakafunguliwa, choroko zangu zikaanza kunyesha.

Ndugu Mwenyekiti alikuwa amesinzia nje, kivulini.
Akakurupuka.
"Mvua jamani! Anueni mahindi!"

Akatoka mbio, kiatu kimoja, akakunja mikeka yake yote miwili.
Ndipo akatazama juu.
Hakuna hata wingu.

Karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu, nimeibandika mwenyewe ubaoni. Mliokuwepo, andikeni hapa chini mlichokiona. Penseli nimeifunga kwa uzi.

Ndugu Mwenyekiti, mstari wa kwanza nimekuachia.