Pilipili Katika Banda la Tumbaku la Ntimaru

Niliondoka Kisegi kwa sababu ya simu moja. Boke, mjane wa mtu aliyeniajiri ujanani kule Ntimaru, aliniambia kwamba shemeji yake, Marwa, anataka kubomoa banda lao la kukaushia tumbaku achukue matofali. Misimu mitatu nilichochea moto wa banda lile. Nikataka kuliona kabla halijageuzwa choo cha mtu.

Asubuhi nilipita Magunga, ukungu ukiwa bado umelala upande wa mbuga ya Ruma. Saa nane nilikuwa Migori, na jua lilipopunguza makali nikashuka Ntimaru.

"Mtu wa omena!" Boke alinipokea akicheka, akinitania kwa dagaa wa ziwa letu. "Umekuja kuzika banda?"

Nilipoingia ndani nilisikitika. Kuta zilikuwa zimetobolewa matundu ya hewa, na pale tulipokuwa tukitundika majani ya tumbaku palikuwa na trei za waya zilizojaa pilipili nyekundu.

"Umeliharibu," nikamwambia.

"Nimeliharibu? Wewe hujui. Tumbaku tuliacha, nikajaribu pilipili. Za kwanza zilinuka sigara, Bwana Hamisi, muuza viungo wa Migori, akazirudisha zote. Nikakwangua kuta, nikazipaka udongo mpya. Moto ni uleule wa polepole, kama alivyotufundisha marehemu. Kesho Hamisi ananusa tena. Akikataa, Marwa alete nyundo."

Jioni nilikumbuka somo la biolojia shuleni: bawa la popo ni mkono uliopata kazi nyingine. Mazingira yakibadilika, kiumbe hakianzi upya; hubadilika kidogo kidogo, na wengi hawafiki. Sikuwahi kufikiri kwamba riziki za watu nazo huenda hivyo. Majirani waliobomoa mabanda yao walianza mikono mitupu. Boke alikuwa na kuta, moto na ujuzi wa kurithi, akageuza alichoweza. Lakini hata yeye hakujua kama kitashika.

Kesho yake tulipeleka gunia Migori. Hamisi alilifungua, akainama, akanusa. Boke alikuwa ameshika leso yake kwa mikono miwili. Hamisi akaingiza pua tena, safari hii hadi ndani, akapiga chafya tatu.

"Haya, mama," akasema akifuta machozi. "Sasa hii ni pilipili. Lete nyingine."

Boke alipiga simu palepale dukani. "Shemeji, matofali katafute kwingine."

Nilirudi Kisegi siku hiyohiyo. Nilikuwa nimekwenda kuliaga banda la ujana wangu, nikajifunza kwamba kama lingebaki vile nilivyolipenda, lingebomolewa.