Bamba la Nyuma

Siku ya kwanza Babu kuingia karakana ya jeshi, sajini alimpa vyuma viwili aviunge. Akavichoma, na chuma kilichoyeyuka kikapita kwenye mwanya, kikadondokea buti la sajini.

"Wewe, unaunga chuma ama unapika uji?"

Wote wakacheka. Sajini akachukua kipande bapa cha chuma, akakibana nyuma ya mwanya. Hilo ndilo bamba la nyuma: linazuia chuma kilichoyeyuka kisimwagike mpaka kigande. Mpaka leo nguzo za maghorofa huungwa hivyo. Babu hunisimulia tukiwa wawili, nami naandika, maana mbele ya watu naona haya, siwezi kusema.

Baadaye alihamishiwa magari ya deraya. Huko risasi kubwa ikigonga chuma cha nje, hata isipopenya, ndani hubanduka vipande vinavyoruka kama misumari. Kwa hiyo ndani huwekwa bamba la nyuzi ngumu, livimeze. Kapteni wao alikuwa akisema, "Chuma cha nje ni cha kumwonyesha adui. Hili la ndani ni la mama zenu."

Babu alipostaafu alifungua kibanda cha kuchomea vyuma mtaani Katwe. Baba yangu naye akawa dereva wa deraya, akapelekwa mbali, kwenye joto kali. Siku moja alipiga simu, Babu akaweka spika nami nisikie.

"Mzee, yale mabamba ya ndani tumeyatoa. Gari lilikuwa oveni. Sasa tunayalalia, kuliko kulala juu ya mawe."

"Yarudishe, Okello."

"Joto ya huku huijui, mzee."

"Nimesema yarudishe leo!"

"Ndiyo, afande!" Baba akacheka. Babu hakucheka.

Hayakurudishwa. Gari lilipigwa ubavuni. Chuma cha nje hakikutoboka hata kidogo, lakini Baba alifia ndani.

Babu amefunga kibanda. Anasema fundi anaweza kuweka bamba, ila hawezi kukaa humo garini alilinde.

Jana alikuja mwenzake Baba wa garini, mkono umefungwa bendeji, ametoka hospitali ya Mulago. Alilia, akaomba msamaha kwamba waliyatoa yale mabamba. Babu hakumlaumu. Alimuuliza kitu kimoja tu, mimi nikiwa mlangoni na sinia ya chai.

"Juu ya lile bamba, alikuwa analala vizuri?"

"Vizuri sana, mzee. Mpaka anakoroma."

Babu akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Basi lilimfaa kwa jambo moja."