Kumwagilia Nondo

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa akipiga gitaa la umeme kwenye hoteli za watalii hapa Mafia tangu mimi sijaota meno. Kuna wimbo aliutunga mwenyewe, hauna maneno, na hakuna mwingine anayeujua. Kisukari kilipoanza kumtia ganzi vidoleni, mama akaniambia niurekodi upesi kabla mkono haujakataa. Mimi ndiye niliyekuwa na kompyuta, na nilikwisha kujitangaza mtaalamu. Utaalamu wenyewe niliupata kwa kutazama video tatu, bando likakatika katikati ya ile ya tatu.

Nikaagiza Dar kisanduku cha kuunganishia gitaa na kompyuta. Siku ya kwanza mjomba alifika baada ya alasiri, kanzu imepigwa pasi, akakaa sebuleni kwetu Kilindoni. Akapiga uzi mmoja, na sauti ikamfikia kwenye hedifoni baada ya kitambo.

"Huyu anayenifuatisha nyuma ni nani?" akauliza.

Nikamweleza kwa nini kompyuta huchelewa, kwa maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa. Akavua hedifoni, akaupiga wimbo wake mwanzo hadi mwisho, nami nikarekodi. Ulitoka vizuri mno. Tatizo, nyuma yake palikuwa na mvumo kama wa friji kuukuu, na mtu wa hadhi yangu hahifadhi mivumo. Nikaufuta. Nikamwambia hiyo ilikuwa ya kujaribu tu, arudi Jumamosi.

Jumamosi kompyuta ilikuwa imeacha kuchelewa, ila mvumo haujaondoka. Nikamrudisha kwake hata gitaa hajalichomeka. Fundi umeme akaja, akagundua nyumba yetu haina waya wa kwenda ardhini, ndiyo maana ya mvumo. Akapigilia nondo nyuma ya jiko, akafunga waya, akasema mchanga wetu ni mkavu, kwa hiyo niwe namwagia maji pale. Basi nikawa namwagilia nondo asubuhi na jioni, kwa ndoo ya mama, huku mchicha wake unanyauka. Majirani wakaamini nimefukia kago la kuzuia wezi, na mmoja akaniomba nimpeleke kwa mganga wangu. Mjomba kila akipita aliuliza kwa upole, "Kimeshaota?" Nami nacheka, namwahirisha tena. Zikapita wiki saba. Mama alininunia, nikamhesabu katika watu wasiojua teknolojia.

Hatimaye mvumo ukaisha. Nilifurahi kijinga, nikampigia mjomba simu aje mara moja. Akakaa palepale, akashika gitaa, na kidole cha pete hakikuupata uzi. Akaanza upya. Akaanza upya tena, mara nne. Kila kosa liliingia kwenye kompyuta safi kabisa, husikii hata nzi. Niliona aibu, nikajifanya natazama skrini.

Mjomba akalilaza gitaa mapajani.

"Ile ya siku ya kwanza ilitoka," akasema. "Niwekee hiyo, mpwa wangu, nijisikilize."

Nikamwambia umeme ulikatika, kompyuta ikaifuta yenyewe.

Akaniwekea mkono begani, ule ule wenye ganzi.

"Pole sana," akasema. "Na wewe ulivyohangaika."