Nadhiri ya Mama Kwaya

Nilipokuwa mtoto, wa umri ule wa kung'oka meno ya mbele, mama yangu aliniazima kwa rafiki yake nikammwagie jini marashi. Nalisema wazi hivyo kwa sababu nimechoka kulizungukazunguka. Na mama yangu, nieleweke, hakuwa mtu wa majini. Alikuwa mtu wa kanisa hasa, mwenye kitambaa cheupe cha umoja wa akina mama alichokifua kwa mkono na kukipiga pasi kila Jumamosi.

Sisi ni Wataita. Baba alikuwa fundi wa reli, nasi tukaishi Tononoka, chumba na sebule nyuma ya maduka. Kanisani, mtu niliyempenda kuliko wote, nikimtoa Mama, alikuwa Anti Salome, rafiki wa Mama tangu usichana wao huko milimani. Ndiye aliyeongoza kwaya ya akina mama. Akianza kuimba, hata wale wazee wanaosinzia tangu tangazo la kwanza walifumbua macho.

Pale kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mama alikuwa Mama Wakesho kwa sababu yangu, na mwenyekiti wa akina mama alikuwa Mama Yosia. Salome alikuwa ameolewa miaka mingi na hakuwa na mtoto. Watu hawakujua wamwiteje, wakamwita Mama Kwaya. Yeye aliitika huku akicheka. Mimi nilidhani ni jina la heshima, nikamwonea fahari. Leo nikilikumbuka jina lile naumia.

Salome na mumewe walipanga chumba Mji wa Kale, ghorofani, katika nyumba ya Bi Zuhura pale Ndia Kuu. Bi Zuhura alikuwa mjane wa Kimvita, mtu wa maneno machache na kaimati nyingi, na mimi nikienda huko nilishiba. Kwake ndiko nilikosikia kwanza habari za mnara wa Mbaraki. Watu husema ndani ya mnara ule wa mawe anakaa jini, tena jini mwenye huruma kwa wanawake wasiozaa. Unamwendea na marashi na ubani, unaweka nadhiri. Mimba ikishaonekana, unarudi na marashi mengine na sahani ya halua, unaiondoa nadhiri yako. Usiporudi, jini hukudai, na anachodai ni kile alichokupa. Halafu marashi hayamwagwi na mwenye shida mwenyewe. Humwagwa na mtoto wa kike, kifungua mimba, aliyezaliwa salama.

"Waalimu wetu wa msikitini hawatutaki tuende huko," Bi Zuhura alimwambia Salome, nami niko chini kwenye mkeka natafuna. "Nami sikwambii uende. Lakini ukenda, mwanangu, usiahidi usilolitimiza."

Siku chache baadaye Salome alikuja kwetu Tononoka mchana, Baba akiwa kazini. Mama alikuwa anapepeta mchele.

"Mama Wakesho, niazime mtoto."

"Wa kwenda wapi?"

"Mbaraki."

Mama aliendelea kupepeta. Salome alisimama mlangoni akivuta ncha ya leso yake, akingoja. Nilimtazama Mama, nikaona mdomo wake umefunguka kidogo, nikajua kuna neno linakuja. Neno halikuja. Akapuliza makapi, akaweka ungo chini, akasema, "Umrudishe kabla ya chai ya jioni." Basi.

Kulikuwa na jua kali siku hiyo. Nilishika chupa ya marashi kwa mikono miwili kama nilivyoagizwa, na nilikuwa naogopa, wacha wee! Nilijikojolea kidogo njiani na sikusema. Ndani ya mnara kulikuwa na giza na baridi, na harufu ya ubani iliyoganda kwenye mawe yenyewe. Chini kulikuwa na chupa tupu za watu wengine. Nilipoziona nilishangaa kwamba wanawake wenye shida ni wengi kiasi kile. Salome alipiga magoti nyuma yangu, akaomba alichoomba kwa sauti ya chini. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, akaanza kumwomba Bwana Yesu amsamehe. Nikamwaga. Marashi yakanirukia miguuni, nikalia, naye akanibeba mgongoni mpaka barabarani ijapokuwa nilikuwa mkubwa wa kutembea.

Mimba ikaingia. Ee, ikaingia! Kanisani watu walipiga makofi mpaka mchungaji akaomba watulie. Wakaanza kumtania Salome wakimwuliza sasa ataitwa mama nani, naye akawa anaficha uso kwa kitabu cha nyimbo. Mama alifurahi sana, na usiku nilimsikia akisali kwa muda mrefu kuliko desturi yake. Sasa ndipo ninapoelewa kwamba furaha yake ilikuwa na mwiba. Alijua mimba ikionekana Salome atataka kurudi kule, na alijua ni yeye anayepaswa kumwambia asirudi.

Lakini kulikuwa na mwingine aliyejua. Muumini mmoja wa kanisa letu alikuwa karani gatini Mbaraki, na siku ile alituona tukitoka mnarani. Mimi hakunitambua, maana nilikuwa mgongoni nimeficha uso, ila alimtambua Salome. Akakaa na neno lake. Tumbo la Salome lilipoanza kusimama, akamwambia mkewe. Mkewe akamwambia Mama Yosia. Mama Yosia akawaambia akina mama wa kamati. Neno lilipita katika nyumba zote za watu wetu, isipokuwa chumba kimoja tu cha Ndia Kuu.

Jumamosi moja alasiri wakaenda. Wote pamoja, vitambaa vyeupe kichwani, wakiimba tangu mwanzo wa barabara. Mama alikuwa miongoni mwao, amenishika mkono kwa nguvu hata vidole vikaniuma. Wauza vinyago walitoka madukani kututazama. Bi Zuhura alitupokea chini, akatutolea maji ya kunywa kwenye sinia. Hakuna aliyekunywa. Waliogopa maji ya nyumba waliyoisikia ina majini.

"Haya," alisema Bi Zuhura, akichukua sinia lake. "Maji ni ya mfereji, lakini haya."

Chumbani Salome alikuwa anashona kinguo kidogo cha manjano. Alipotuona alifurahi, maskini. Alidhani tumekuja kumtembelea.

"Bwana asifiwe, Mama Kwaya," alisema Mama Yosia.

"Amen, karibuni, karibuni, kaeni kitandani jamani, viti havitoshi."

Hawakukaa. Mama Yosia alisema, "Dada, tumekuja kwa upendo," na kwa sauti aliyoitumia ningejua hata kama ningekuwa kiziwi kwamba upendo haumo. Akayataja yote: mnara, marashi, ubani. Salome aliweka sindano chini. Akawatazama mmoja mmoja mpaka akafika kwa Mama. Mama akainamisha kichwa. Nikamwona Salome akidhani kwamba ni Mama aliyesema.

"Na yule mtoto uliyekwenda naye," aliuliza Mama Yosia, "ni mtoto wa nani? Na mzazi wake ajulikane."

Nilihisi mkono wa Mama umekuwa baridi ndani ya wangu. Salome alinitazama mimi, kidogo tu, kisha akatazama dirishani.

"Wa jirani hapa," alisema. "Wameshahama."

Kisha wakamwombea. Walimwekea mikono kichwani na tumboni, wakakemea kwa sauti zilizosikika mpaka mtaa wa pili, wakimwamuru jini atoke katika mimba ile. Salome alikifumbata kile kinguo cha manjano. Wakamwapisha kwamba hatarudi Mbaraki maisha yake yote. Akaapa. Jumapili iliyofuata akasimamishwa mbele ya ushirika wote, tumbo lake mbele yake, akasema kosa lake kwa mdomo wake, akaambiwa asiguse Meza ya Bwana na asiimbe mpaka atakapoarifiwa. Akaketi benchi la mlangoni. Kwaya ikaimba bila yeye, tena vibaya.

Sitaki kudanganya na kusema hakuwa amekosa. Alikosa. Mtu wa Kristo hana la kuomba mnarani, na hata mimi leo, mwanangu akienda, sitamwambia ni sawa. Lakini Bwana mwenyewe alifundisha ukiona ndugu amekosa umwendee, wewe na yeye, peke yenu kwanza, na kanisa liambiwe mwisho. Wale akina mama walilijua fundisho hilo kwa moyo. Waliruka la kwanza wakaanza na la mwisho, kwa kuwa la mwisho halihitaji mtu kujitoa nafsi yake.

Basi Salome akabaki katikati. Akirudi Mbaraki, amevunja kiapo cha kanisa. Asiporudi, jini anakuja kudai chake. Wenzake walimwondolea ruhusa ya kurudi, lakini hofu hawakumwondolea, na mumewe akienda kazini hakuna aliyebaki kukaa naye humo chumbani. Bi Zuhura alimtuma mtu Tononoka: "Mwambie Mama Wakesho rafikiye hali, halali. Na aje." Mama akasema atakwenda kesho. Kesho akafua. Kesho yake tena akasema anaumwa kichwa, na kweli kilikuwa kinamuuma.

Mtoto alitoka kabla ya wakati, mvulana. Hakulia. Daktari alisema ni presha ya damu, ilikuwa imepanda siku nyingi na hakuna aliyemleta hospitali.

Na sasa sikilizeni maneno ya watu. Mtaani walisema, jini kachukua chake, si aliambiwa? Kanisani wakasema Mungu amemrudi, si alitafuta mwenyewe? Watu wasioweza kukubaliana hata siku ya kufunga walikubaliana juu ya Salome. Nilizunguka kati ya watu wazima nikingoja mmoja aseme pole. Aliyeisema kwanza alikuwa Bi Zuhura. Alimpikia uji, akamnywesha kwa kijiko, akamkanda mgongo kila asubuhi kama alivyowakanda binti zake mwenyewe.

Mama alikwenda hatimaye, nami nikaenda naye. Nilibaki chini kwa Bi Zuhura, nikapewa kaimati, zikanishinda. Juu hapakusikika sauti ya kulia wala ya ugomvi. Mama aliposhuka alipita bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ya mtu. Mwisho wa mwezi Salome na mumewe walihamia Voi. Tulisikia huko haendi kanisa lolote. Mama alimpelekea salamu kila alipopatikana mtu wa kwenda, na kila mara jibu lilikuwa moja: salamu zimefika, asante.

Jini wa Mbaraki sijui kama yupo. Nilipokuwa mdogo nilimwogopa mpaka nikawa sioni marashi bila kutapika. Nimekua, nimeolewa, nimezaa salama, na nimekuwa katika kamati za akina mama hapa kisiwani. Nimeona na upande wa pili, wale wanaosema sisi si wa kuhukumu mtu, kila mtu na Mungu wake, halafu wanamwangalia mwenzao akizama na kumsifia nguo aliyovaa. Siku hizi hao ndio wengi. Wanajiona wapole. Mimi upole wao unanitia hasira, maana naujua ulikotoka. Nililelewa nao.

Mama sasa ni mzee na macho yamepungua. Juzi habari zilikuja kutoka Voi kwamba Salome amefariki na ameshazikwa. Nilimwambia Mama nikiwa nimemshika bega. Akaniuliza kama mlango umefungwa. Nikaufunga. Akanieleza yaliyosemwa ghorofani siku ile, mambo ambayo hata Baba alikufa hajayasikia.

"Nilimwambia, Salome, si mimi niliyesema. Akaniambia, najua si wewe. Kwao hukusema, na kwangu hukusema. Siku ile nilipokuja kukuazima mtoto nilisimama mlangoni nikingoja unikataze. Ungenikataza ningelia, ningekutukana, lakini nisingekwenda. Ningekusikiliza wewe."

"Mama," nilisema, "ulikuwa hutaki kumhukumu."

"Ndivyo nilivyojiambia miaka yote hii, Wakesho," alisema Mama. "Nilikuwa naogopa atanichukia. Basi."