Mtungi Ndio Unaopanga Foleni

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwaka huo wa tisini na kitu ilikuwa tupone kweli kweli, maana wageni watatu walishuka Lokichoggio kwa ndege wakaja hadi Kakuma kutupimia mawazo. Wazo bora la kusomesha watoto kisasa lingepewa vifaa. Mengine yangepewa soda.

Mimi nilikuwa mwalimu kwenye kambi ya wakimbizi na shida yangu ilikuwa moja: maji yalikuwa yakifunguliwa saa za somo, wasichana wote wanaondoka kwenda kuteka mferejini. Mmoja wao, Msudani, alikaa darasa la kwanza hadi sketi ikamkimbia magotini. Mama yake alishaniambia wazi kwamba muhula ukiisha bila mtoto kujua kusoma, anamtoa shule.

Wazo langu lilikuwa kupeleka ubao mferejini.

"Madam, watasomaje na wako kwenye foleni?" mwenyekiti wao akauliza.

Nikamweleza polepole kwamba kwetu mtungi ndio unaopanga foleni. Mwenyewe hukaa kando, akausukuma wengine wakisogea. Akauliza teknolojia yangu ni ipi. Nikasema chaki. Walicheka kwa adabu, wamesoma hao.

Akafuata kijana kutoka Lodwar, viatu vinang'aa kwenye mchanga ule. Yeye angeunganisha watoto wetu na shule za ng'ambo kwa kompyuta na waya wa simu. Simu yenyewe ilikuwa Lodwar, tena ilifanya kazi ikijisikia. Umeme hakuna aliyeutaja, pengine kwa heshima. Wakampigia makofi. Mimi nikapewa soda ya moto, na kwa hasira sikuimaliza.

Kompyuta ilifika ndani ya sanduku la mbao. Ikawekwa ofisini, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikapumzika. Sanduku wakalitupa nje. Nikalibomoa, nikaunganisha mbao, nikaponda makaa nikapaka. Wiki hiyo hiyo ubao ukasimama mferejini, mitungi ikajipanga, wasichana wakakaa chini.

Muhula ulipokaribia kuisha wageni wakarudi kuona matunda. Kompyuta ilikuwa haijatuma hata ejok, salamu ya Kiturkana. Ikabidi wapelekwe mferejini, ambako angalau kulikuwa na watu. Wakapiga picha nyingi. Mwenyekiti akauliza mbao zimetoka wapi, nikamwambia. Alifurahi mno. Kumbe mradi wa kompyuta, akasema, umefika hadi kwenye maji!

Yule msichana akanivuta nguo. "Mwalimu, kompyuta ndio hii?"

"Ndio hii," nikamwambia. "Haya, soma."

Akasoma mstari wote, kidole kikitembea chini ya maneno, bila mimi kumsaidia. Mama yake alikuwa amesimama palepale kwenye foleni, anamtazama. Mitungi ya mbele ikasogea, wake ukabaki ulipo. Na wanawake wa nyuma yake, ambao siku nyingine wangemtukana, hawakumruka.